Ubahili wa Kompyuta za Biashara Unavyokula Pesa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa wenye maduka, mikahawa, zahanati na ofisi za kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa. Tumeyaacha karibu na vile yanavyoulizwa. Pale jibu lilipokwisha kutolewa, tumekuelekeza kwenye swali lenyewe.

## Tuanze na msingi

1. Gharama iliyojificha ni gharama gani? Mimi nimelipa kilichoandikwa kwenye risiti.

Risiti inaonyesha bei ya kununua tu. Bei ya kuitumia huandikwa kwingine: kwenye mishahara, kwenye faini ya kodi, kwenye mteja aliyechoka kusubiri akavuka barabara kwenda duka la pili. Ndiyo maana haionekani. Hakuna mwenye duka anayeandika daftarini "leo kompyuta imekula elfu tatu".

Fanya hesabu hii mwenyewe. Tuseme una makeshia wawili, na kompyuta zao huchukua dakika 20 kuwaka na kufungua programu kila asubuhi, kisha hukwamakwama dakika nyingine 20 kutwa. Hizo ni dakika 40. Kwa siku 26 za kazi zinapita saa 17 kwa mwezi, na ni za watu wawili. Ukimlipa kila mmoja shilingi 100 kwa saa, karibu shilingi 3,500 zimekwenda kwa watu waliokaa wakitazama kiduara kikizunguka. Kwa mwaka zinapita 40,000, na bado hujagusa mauzo yaliyopotea. Diski ya SSD, ile ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ambayo mara nyingi ndiyo dawa ya ugonjwa huo, haifiki hata robo ya pesa hizo.

2. Duka langu ni dogo. Haya yanihusu?

Kama unatoa risiti kwa kompyuta, unapokea pesa kwa till, au madeni ya wateja yamo kwenye simu, yanakuhusu. Simu ya biashara nayo ni kompyuta. Mwenye daftari la karatasi peke yake aruke mpaka swali la 17.

3. Kwa hiyo kila cha bei nafuu ni kibaya?

La. Wauzaji wengi wangependa uamini hivyo, na ukiwasikiliza utanunua mashine ya kuhariri filamu ili uandike risiti za sukari. Skrini iliyotumika ni sawa. Kibodi ya bei ya chini ni sawa. LibreOffice ni ya bure, ni halali, na inatosha kwa barua na hesabu za kawaida. Kompyuta iliyotumika Ulaya, ile tunayoiita ex-UK, ni sawa pia ukijua kuchagua (swali la 4).

Usibanie mambo manne: umeme unaoingia kwenye mashine, nakala za kazi yako, leseni ya programu inayoshika pesa, na umiliki wa akaunti zako. Karibu kila hasara kubwa tunayoitiwa imeanzia kwenye mojawapo ya hayo. Ni nadra sana kusikia biashara imeumia kwa sababu prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ilikuwa ya mwaka juzi.

4. Nikienda kununua ex-UK niangalie nini?

Uliza kizazi cha prosesa kabla ya bei. Microsoft ilisimamisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine za kizazi cha sita na cha saba ndizo zinazouzwa kwa bei ya kutupa sasa, na sababu ni hiyo.

Muuzaji atakwambia, "Hii nimeshaitia Windows 11, tazama." Ameruka ukaguzi. Itawaka na itafanya kazi, lakini Microsoft haijaahidi kuipa masasisho. Ya kuchapishia menyu, chukua. Ya kushika hesabu za duka, ongeza pesa kidogo upate kizazi cha nane. Pia hakikisha ina SSD, na kama ni laptopu ichomoe chaja mbele ya muuzaji uone betri inakaa muda gani.

## Umeme, joto na chumvi ya bahari

5. UPS ni lazima? Stima haipotei sana siku hizi.

UPS ni kasha la betri linaloshikilia umeme kwa dakika chache ukikatika. Hofu yetu si giza. Ni ule mkato wa nusu sekunde ambao taa haina hata muda wa kuzimika vizuri. Programu ya mauzo huwa inaandika kwenye diski muda wote. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili la hesabu linaweza kubaki nusu zamani, nusu jipya, na programu ikakataa kulifungua kesho yake. Kulirekebisha ni kazi ya fundi ya siku nzima, na mara nyingine hairekebishiki. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipopotea karibu nchi nzima, mwenye UPS alipata dakika zake chache za kufunga vizuri. Hizo dakika chache ndizo unazonunua, si kuendelea kufanya kazi mpaka umeme urudi.

Mambo mawili yanayosahaulika. Kwanza, betri ya UPS ni ya risasi na asidi, na haipendi joto: kila nyuzi 10 juu ya 25, umri wake hupungua kwa karibu nusu. Ofisi isiyo na AC hapa Mombasa haiijui nyuzi 25. Kwa hiyo betri iliyoandikiwa miaka mitatu mpaka mitano usiitegemee ikae hivyo. Ijaribu kila miezi michache kwa kuchomoa waya ukutani ukiwa umeshahifadhi kazi. Pili, usichomeke printa ya leza kwenye UPS. Inapopasha joto inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na UPS ndogo huzimika hapo hapo pamoja na kompyuta uliyotaka kuilinda.

6. Arthi inasaidia nini kama nina UPS?

UPS na vizuizi vingi vya umeme wa ghafla vinahitaji pa kuutupa ule umeme uliozidi, na pa kuutupa ni arthi, yaani waya unaopeleka umeme ardhini. Ukigusa kasha la kompyuta ukahisi mwasho wa umeme, arthi haipo au imekatika. Hiyo ni kazi ya fundi wa umeme, na iende mbele ya kununua kifaa chochote kipya.

7. Mbona kompyuta zetu za Nyali zinakufa haraka kuliko za tawi la Nairobi?

Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, na feni ya kompyuta inaivuta ndani kutwa. Fungua mashine iliyokaa miaka miwili karibu na ufuo. Skrubu za nyuma zina kutu ya rangi ya chai. Miguu ya kadi ya kumbukumbu imepoteza ung'avu wake, na pale shaba inapoonekana pana ukungu wa kijani. Vumbi lililoganda kwenye feni halipulizwi likatoka, kwa sababu limelowa likakauka, likalowa tena. Mashine ya namna hiyo haifi siku moja. Inaanza kwa kujizima mchana, inaonyesha skrini ya buluu mara moja kwa wiki, kisha inakataa kuwaka mpaka uichomoe kumbukumbu, uisugue na kuirudisha.

Ubahili hapa ni kukataa huduma ya kusafisha. Safisha mara mbili kwa mwaka, na kama dirisha lako linatazama bahari fanya zaidi. Usiweke kasha sakafuni, hasa kwenye nyumba za chini za Mji wa Kale na popote maji ya masika yanapoingia. Na kama unatumia AC, usiielekeze kwenye kompyuta moja kwa moja halafu uizime jioni uache madirisha wazi. Hewa ya joto yenye unyevu ikikutana na chuma baridi, matone huganda ndani.

8. Kila asubuhi kompyuta inarudi mwaka wa nyuma, halafu tovuti zote zinakataa kufunguka. Ni virusi?

Karibu kila mara ni betri ya saa. Ndani ya kompyuta mna betri bapa mfano wa sarafu, CR2032, ileile ya rimoti nyingi za magari. Ikiisha, mashine ikichomolewa usiku inasahau tarehe. Tovuti salama hukagua tarehe, kwa hiyo zinakukatalia. Bei ya betri ni ndogo kuliko nauli ya fundi kuja.

Tumeliweka swali hili kwa sababu ya kinachofuata watu wakipuuza. Keshia anazoea kurekebisha saa kila asubuhi. Siku moja anasahau, mauzo ya asubuhi nzima yanaandikwa tarehe ya miaka iliyopita, na mwisho wa mwezi ripoti haioani na pesa. Mhasibu anatumia siku mbili kutafuta mauzo ambayo hayajapotea. Yamekaa tu mahali ambapo hakuna anayetazama.

## Programu

9. Nimetiwa programu ya uhasibu iliyochakachuliwa, na inafanya kazi vizuri. Tatizo liko wapi?

Kumbuka ilivyowekwa. Fundi alikwambia uzime antivirusi kwanza, sivyo? Programu ndogo inayovunja kufuli la leseni imeandikwa na mtu usiyemjua, na umeiruhusu kuingia kwenye mashine yenye hesabu zako huku mlinzi umempeleka nyumbani. Huenda haina kitu. Huenda inasoma kila unachoandika. Huna njia ya kujua.

Tatizo la pili halina siri yoyote: huwezi kuisasisha. Hitilafu iliyomo itabaki humo, na ukikwama hakuna wa kumpigia, kwa sababu swali la kwanza la kampuni ni namba ya leseni. Na kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kuitumia ni kosa. Ikiwa leseni ni ghali mno kwako, tafuta programu ya bei ya chini au ya bure iliyo halali. Zipo. Kwa duka la kawaida mara nyingi zinatosha kuliko ile kubwa iliyoibwa.

10. Tumezima masasisho ya Windows kwa sababu yanatuchelewesha. Kuna hatari?

Iko. Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu moja kwenye Windows. Mei mwaka huohuo virusi vya WannaCry vikapita kwenye tundu hilohilo na kufunga mafaili ya watu duniani kote, hospitali za Uingereza zikiwemo. Dawa ilikuwa imetoka takriban miezi miwili nyuma. Walioumia wengi walikuwa hawajaitia.

Masasisho yanaudhi yakija saa ya kazi. Basi yapangie saa. Biashara nyingi hapa mjini hufunga Ijumaa kwa sala, kuanzia kama saa sita unusu mpaka saa nane. Acha mashine zikiwaka muda huo, zitakuwa zimemaliza ukirudi.

11. Tunatumia Excel kwa stoku na hesabu zote. Inatosha?

Inatosha mpaka watu wawili wahitaji kuandika kwa wakati mmoja. Hapo zinaanza kuzaliwa "Stoku mpya", "Stoku mpya 2", na "Stoku ya kweli Bamburi". Ukifika kwenye ile ya tatu, umepita wakati wa kuhama.

Jihadhari na faili la aina ya zamani, lenye kiishio cha xls. Lina mistari 65,536 tu, na zaidi ya hapo hakiingii kitu. Oktoba 2020 idara ya afya ya umma ya Uingereza ilikuta karibu visa 16,000 vya korona vimekosekana kwenye taarifa zake kwa sababu hiyo. Kama idara ya serikali yenye wataalamu iliteleza hapo, duka la jumla la Kongowea lenye mauzo ya miaka mitano kwenye faili moja lina kila sababu ya kuangalia.

12. Kijana wa chuo ametutengenezea mfumo kwa bei poa. Tumekosea?

Si lazima. Baadhi ya vijana hawa ni wazuri kuliko kampuni zinazovaa suti. Kosa ni kumlipa na kumuaga bila kuchukua vitu vyako. Siku atakapopata kazi Qatar, mfumo unabaki yatima.

Mfano mmoja wa wazi. Aprili 2020 VAT ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, na tarehe 1 Januari 2021 ikarudi 16. Kwenye mfumo uliotengenezwa vizuri, hiyo ni kazi ya dakika moja kwenye ukurasa wa mipangilio. Kwenye mfumo ambao mtengenezaji aliandika namba 16 ndani kabisa ya programu, sehemu kumi tofauti, ni lazima umtafute yeye. Na ukimpata, bei safari hii anaitaja yeye.

Kabla ya malipo ya mwisho, dai: programu yenyewe kama alivyoiandika, nywila za msimamizi, maelezo ya kurasa mbili tatu ya jinsi ya kuisimamisha upya kwenye mashine nyingine, na mkataba unaosema mfumo ni wako. Halafu mwambie aisimamishe kwenye mashine nyingine mbele yako kwa kufuata hayo maelezo yake. Akishindwa yeye, wengine wataweza vipi?

## Nakala za kazi yako

13. Tunaweka bekapu kwenye flashi kila Ijumaa. Ni sawa?

Flashi iko wapi sasa hivi? Jibu tunalolisikia sana ni "imechomekwa kwenye kompyuta", na la pili ni "kwenye droo chini ya kompyuta". Mwizi anabeba vyote. Moto unachoma vyote.

Kanuni inayofuatwa ni tatu, mbili, moja: nakala tatu za kazi yako, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya jengo. Kwa duka dogo hiyo ni kompyuta yenyewe, diski ya nje, na hifadhi ya mtandaoni au diski ya pili inayolala nyumbani kwako. Na Ijumaa peke yake haitoshi. Jiulize: mashine ikifa Alhamisi jioni, unaweza kuandika upya mauzo ya siku sita? Kama huwezi, bekapu iwe ya kila siku.

Kisha ijaribu. Bekapu ambayo hujawahi kurudisha hata faili moja kutoka kwake ni dhana tu. Mara moja kila miezi mitatu, chukua faili la hesabu kutoka kwenye nakala, lifungue kwenye mashine nyingine, tazama kama mauzo ya juzi yamo.

14. Sisi tuko na Google Drive, kwa hiyo tuko salama?

Nusu. Huduma za namna hiyo hufananisha: ukifuta hapa, linafutika na kule. Ukifungiwa mafaili na virusi, mafaili yaliyofungwa yatapandishwa pia juu ya yale mazima. Takataka ya Google Drive hukaa siku 30 kisha hujifuta yenyewe, na wengi hugundua hasara wakati wa kufunga hesabu, miezi baadaye. Itumie kama nakala moja ya zile tatu.

15. Programu ya mtandaoni ni bora kuliko ya kwenye kompyuta? Na intaneti ikikatika?

Ya mtandaoni inakuondolea mzigo wa bekapu na masasisho, nasi tunaipendekeza kwa wengi. Lakini usinunue isiyoweza kuuza bila intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikaenda kwa mwendo wa kobe, Mombasa ikiwemo, ingawa kebo hizo zinatua hapahapa kwetu. Duka lenye programu inayohifadhi mauzo ndani na kuyapandisha mtandao ukirudi liliendelea na kazi. Mengine yalirudi kwenye kalamu.

Muuzaji akikuonyesha programu yake, chomoa waya wa intaneti mbele yake useme, "Haya, niuzie soda."

16. Tuna diski mbili zinazojinakili ndani ya seva. Hiyo si bekapu?

Siyo. Inakuokoa diski moja ikifa, basi. Faili lililofutwa limefutwa kwenye zote mbili sekunde hiyohiyo.

## Kodi na sheria

17. eTIMS ina uhusiano gani na ubovu wa kompyuta yangu?

eTIMS ni mfumo wa KRA, mamlaka ya kodi, wa kutoa ankara za kielektroniki. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi kupunguza kodi ya mapato, isipokuwa chache zilizotajwa na sheria. Hii inamuuma mteja wako kabla ya kukuuma wewe. Tuseme umeiuzia kampuni bidhaa za shilingi 100,000 bila ankara halali kwa sababu mashine yako imekwama. Kodi ya kampuni ni asilimia 30, kwa hiyo ununuzi huo unamgharimu 30,000 zaidi, na kama nyote mko kwenye VAT amekosa kudai 16,000 nyingine. Atavumilia mara moja. Mara ya pili atamtafuta muuzaji mwingine, wala hatakwambia sababu.

Mwenye daftari: huhitaji kompyuta. Iko njia ya *222# hata kwa simu ya mulika mwizi, na haina ada ya KRA.

18. Risiti zetu zimefutika zote. KRA wakizitaka?

Karatasi ya printa za risiti ni ya kuungua kwa joto, haina wino. Joto la Mombasa, dirisha lenye jua au bahasha ya plastiki vinatosha kuifanya nyeupe tena. Kumbukumbu za kodi zinatakiwa kuhifadhiwa miaka 5. Za kutoka kwa wauzaji wako, zipige picha au zipitishe skana siku ileile na uzipe jina lenye tarehe. Bei ya kuchelewa ni kulipa kodi ya gharama ambayo uliitumia kweli lakini huwezi kuithibitisha.

19. Tumeuza kompyuta za zamani za zahanati. Tulifuta kila kitu. Yatosha?

Kufuta kwa kawaida kunaondoa jina la faili tu, yaliyomo yanabaki mpaka yaandikwe juu yake. Mtu mwenye programu ya bure anaweza kuyarudisha. Majina ya wagonjwa, vipimo, namba za simu.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaruhusu faini ya hadi shilingi milioni 5, au hadi asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Data ikivuja na kuna hatari ya kweli kwa wenyewe, Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72. Ushauri wetu ni wa kijeuri kidogo: uza kompyuta, baki na diski. Zilizobaki zitobolewe kwa drili.

## Watu na umiliki

20. Wafanyakazi wote wanatumia nywila moja. Ni ndugu, tunaaminiana.

Sawa. Lakini siku pesa itakapopungua, rekodi itasema "admin" amefuta risiti saa kumi na moja jioni, na "admin" ni watu watano. Hapo wote ni washukiwa, na udugu ndio unaoumia. Kumfungulia kila mtu jina lake kwenye programu ni bure, na kunamlinda asiyeiba kuliko kunavyomkamata mwizi. Anayeondoka kazini, jina lake lifungwe siku hiyohiyo.

21. Fundi wetu ameondoka, na jina letu la tovuti liko kwa akaunti yake. Tufanyeje?

Majina yanayoishia na .ke husimamiwa na KeNIC kupitia kampuni za usajili. Kwanza mwombe kwa upole ahamishe, kwa maandishi. Akikataa au hapatikani, nenda kwa kampuni ya usajili ukiwa na cheti cha biashara na risiti za malipo. Inawezekana, ila huchukua muda, na wakati huo jina likiisha muda wake, tovuti na barua pepe zote zinasimama.

Ambao hawajafika huko, kaeni leo muulize ni nani anayemiliki vitu hivi: jina la tovuti, barua pepe kuu, akaunti ya Google, usimamizi wa till au paybill, laini iliyosajiliwa WhatsApp ya biashara, nywila ya ruta na ya kamera. Kila kimoja kisajiliwe kwa jina la biashara na barua pepe ambayo mwenye mali anaifungua. Tumeona duka lililopoteza wateja wa miaka kwa sababu tu laini ya WhatsApp ilikuwa ya msichana wa mauzo aliyeolewa Lamu. Hakuiba kitu, ile ilikuwa laini yake.

22. Tunapokea malipo kwa kusoma meseji kwenye simu ya mteja. Kuna ubaya?

Meseji bandia ni rahisi kutengeneza. Thibitisha kwenye simu au mfumo wako, kila mara, hata kwa mteja mzoefu, hata foleni ikiwa ndefu.

23. Muuzaji wetu wa nje ametuma barua pepe kwamba amebadilisha benki. Tulipe huko?

Msilipe. Pigeni simu kwa namba mliyokuwa nayo zamani, si ile iliyo kwenye barua hiyo. Huu ni wizi wa kawaida kwa waagizaji na ofisi za mizigo. Mtu anaingia kwenye barua pepe yenye nywila dhaifu, anasoma kimya kwa wiki kadhaa, kisha anaingilia pale ankara kubwa inapokaribia, akiandika kwa mtindo uleule na salamu zilezile. Kuweka uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe (nywila, kisha namba ya siri inayokuja kwenye simu yako) hakulipiwi hata senti. Pesa zikishafika benki ya nchi ya tatu, kuzirudisha ni bahati.

## Hali za pekee

24. Sisi ni ofisi ya clearing. Kompyuta moja ndiyo yenye kila kitu. Ikifa siku meli imefika?

Hapa hasara haihesabiwi kwa mishahara. Siku za bure za kontena zinapokwisha, bandari inatoza ada ya kuhifadhi na kampuni ya meli inatoza ya kuchelewesha kontena lake, kila siku, mara nyingi kwa dola. Mifumo ya forodha iko mtandaoni na inafunguka kwenye mashine yoyote. Kinachowakwamisha ni nyaraka: bili ya shehena, ankara, orodha ya vifurushi, vyote kwenye folda moja ya mashine iliyokufa, na nywila zilizohifadhiwa ndani ya kivinjari chake ambazo hakuna anayezikumbuka.

Muwe na mashine ya pili iliyoandaliwa, hata ex-UK ya bei ya chini, ambayo mtu anaitumia kazi halisi siku moja kila wiki. Ya akiba isiyoguswa huwa ndiyo ya kwanza kukataa kuwaka (swali la 7).

25. Mafaili yamefungwa na wanadai pesa. Tulipe?

Chomoeni waya wa mtandao na mzime wifi kwanza, msifute kitu. Pigeni picha ujumbe ulio kwenye skrini. Tazameni tovuti ya No More Ransom, inayoungwa mkono na Europol. Kwa baadhi ya virusi funguo ziko bure. Ripotini kwa KE-CIRT, kitengo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na kama kuna data ya wateja hesabuni zile saa 72 za swali la 19. Kulipa hakuhakikishi chochote, na aliyelipa hujulikana kuwa hulipa. Mwenye bekapu nje ya jengo atapoteza siku moja au mbili.

26. Mwezi huu nina pesa kidogo sana. Nianze na nini?

Bekapu, kisha UPS, kisha SSD. Yale ya swali la 20, la 21 na uthibitisho wa hatua mbili hayataki pesa, yafanye leo jioni.

27. Mashine yetu ya kuchapisha mabango inaendeshwa na Windows XP tu, na mashine mpya hatuwezi. Tuitupe?

Msiitupe. XP iliachwa na Microsoft tarehe 8 Aprili 2014, kwa hiyo kosa ni kuiunganisha na intaneti, si kuwa nayo. Itoeni kwenye mtandao kabisa, waya na wifi. Kazi ipelekwe kwa flashi moja isiyotumika kwingine, iliyopitia antivirusi kwenye kompyuta mpya. Nakilini diski yake nzima sasa hivi ingali hai, mweke nakala kwenye diski mbili, na mtafute kompyuta ya pili ya umri uleule kwa ajili ya vipuri. Wauzaji wa vyuma chakavu wanazo, na mara nyingi wanaziuza kwa kilo.